Mwaridi mwekundu usiodai mengi, na hatari ya kuupanda kila mahali

Kwa muda mrefu mwenye bustani nchini Marekani aliyetaka mawaridi mbele ya nyumba yake alijua kwamba pamoja na mche ingempasa anunue pia bomba la kupulizia dawa. Kila baada ya wiki moja au mbili, tangu majira ya kuchipua hadi baridi ilipoingia, alipulizia dawa ya kuua kuvu. Akighafilika kidogo katika kipindi cha mvua, majani ya chini yalipata madoa meusi, yakageuka manjano na kupukutika, na kabla majira ya joto hayajaisha kichaka kilibaki vijiti vitupu vyenye ua moja moja kileleni. Wengi walichoka na kung'oa. Waliobaki na miwaridi walikuwa mashabiki wa kweli, wenye muda na wenye fedha.

Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2000, pale kampuni ya Conard-Pyle ya jimbo la Pennsylvania ilipoingiza sokoni kichaka kifupi chenye maua mekundu kilichopewa jina la Knock Out. Mwaka huo huo kilipata tuzo ya All-America Rose Selections, iliyokuwa ikitolewa baada ya miche kujaribiwa katika bustani mbalimbali nchini humo. Haikuchukua miaka mingi mwaridi huo ukawa umeenea kutoka bustani za nyumbani hadi vituo vya mafuta, maegesho ya magari na katikati ya barabara kuu. Makala haya yanaeleza ni mmea wa namna gani, unatunzwaje katika bustani ya mtindo wa kijijini ambako ndiko unakofaa zaidi, na kwa nini kupendwa kwake kupita kiasi kumeuweka hatarini.

Si waridi la kukata

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anapotajiwa waridi, aghalabu humjia picha ya shina moja refu lililonyooka, lenye ua moja, kama yale yanayokuzwa ndani ya mabanda ya plastiki kule Naivasha na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Mmea wa namna ile umezalishwa ili utoe shina la kuuza, na anayeutazama ukiwa shambani huona kwamba wenyewe hauna umbo la kupendeza sana. Knock Out ni kinyume chake. Ni kichaka cha duara, chenye kimo cha sentimita 90 hadi 120 na upana unaolingana na kimo hicho, kilichojaa majani tangu chini. Ua lake ni dogo, la kipenyo cha sentimita 7 au 8, lenye petali chache, na ukilikata kuliweka katika chombo cha maji halidumu. Uzuri wake uko katika wingi. Kichaka kimoja huwa na makumi ya maua kwa wakati mmoja, hupumzika kidogo, kisha baada ya wiki tano au sita huchanua tena, na huendelea hivyo mpaka baridi kali iingie.

Wekundu wake nao unahitaji maelezo. Si wekundu wa damu. Ni wa cheri, wenye kuelekea kidogo kwenye waridi, na jua likiwa kali hufifia zaidi. Anayetaka maua yenye petali nyingi na rangi iliyokolea atafute ndugu yake, Double Knock Out. Anayepanda chungu cha maua barazani yuko Petite Knock Out, ambao hauzidi sana sentimita 45.

Kasoro kubwa ya mwaridi huu ni harufu. Mtu aliyelelewa katika pwani yetu au kule Oman, ambako mawaridi ya Jebel Akhdar huchumwa alfajiri na kukenekwa kuwa marashi, akiinama kulinusa ua la Knock Out atainuka mikono mitupu. Harufu ipo, lakini ni hafifu mno. Anayeliona waridi lisilonukia kuwa si waridi hatashawishika na sifa nyingine zote, na katika hilo ana haki yake.

Mtu aliyewalisha maradhi

Mzalishaji wa mwaridi huu ni William Radler wa jimbo la Wisconsin, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa Boerner Botanical Gardens karibu na mji wa Milwaukee. Kazi yake ya bustani ilimpa nafasi ya kuona kwa miaka mingi jinsi miwaridi mizuri ilivyoshindwa bila dawa. Nyumbani kwake akaanza kuotesha mbegu za machotara katika chumba cha chini ya ardhi, chini ya taa za umeme.

Njia yake haikuwa ya kawaida. Wazalishaji wengine walikuwa wakiyalinda machipukizi yao ili wapate kuona maua. Yeye aliyatafutia maradhi. Alikusanya majani yenye ugonjwa wa madoa meusi, akayakausha na kuyasaga kuwa unga, kisha akaunyunyizia miche yake. Aliiweka pia katika hali ya unyevunyevu, kwa kuwa kuvu anayeleta madoa hayo huhitaji jani libaki bichi kwa maji kwa saa saba hivi ndipo apate kuota. Mche uliougua ulitupwa. Kati ya iliyosalia mwishoni mwa miaka ya 1980 ndimo ulimotoka mmoja ulioitwa Knock Out. Katika nasaba yake umo mwaridi wa Carefree Beauty, uliotolewa mwaka 1977 na Griffith Buck wa Iowa, mtu mwingine aliyeamini kwamba mwaridi usioweza kuishi nje bila kubembelezwa haufai kuzaliana.

Hapo ndipo ilipo maana halisi ya maneno "matunzo machache" yanayoandikwa kwenye vibandiko vya miche. Yana maana kwamba mmea unaustahimili ugonjwa mmoja uliokuwa ukiwatesa watu, yaani madoa meusi. Hayana maana kwamba hauguswi na lolote. Knock Out hupata madoa ya kahawia ya aina nyingine, hupata ubwiri vinyoya katika majira ya baridi na unyevu, na viwavi wa majani huutoboa mwezi Mei kama wanavyotoboa miwaridi mingine.

Bustani ya kijijini ni ipi

Mtindo wa bustani unaozungumzwa hapa ulitoka Uingereza. Mwanzoni ulikuwa wa vibarua wa mashambani waliokuwa na kipande kidogo cha ardhi kati ya mlango na barabara, wakapanda humo kabichi, viungo, dawa za miti shamba na maua, vyote pamoja, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuvitenga. Katika karne ya 19 William Robinson, aliyetoa kitabu chake cha The English Flower Garden mwaka 1883, na baadaye Gertrude Jekyll wa Munstead Wood huko Surrey, waliuchukua mchanganyiko huo wa kimaskini na kuufanya sanaa, wakipinga desturi ya matajiri wa zama zile ya kupanga maua ya rangi moja katika mistari kama gwaride la askari. Katika karne ya 20 Margery Fish aliuendeleza kwenye bustani yake ya East Lambrook Manor, Somerset. Marekani nao wameupokea, hasa katika vitongoji vyenye viwanja vidogo.

Kinachoutambulisha mtindo huu ni kuchanganya. Mimea hupandwa karibu karibu, mirefu ikiegemea mifupi, mingine ikijiotea yenyewe katika nyufa za mawe ya njia. Mwaridi hukaa humo kama mwanakijiji mmoja miongoni mwa wengi.

Knock Out unafaa hapo kwa sababu ya kimo chake. Haumezi majirani zake kama miwaridi mikubwa ya zamani, wala hauhitaji kufungwa kwenye mti. Wekundu wake wenye uwaridi hupendeza ukiwa jirani na maua ya buluu na zambarau: nepeta, ambayo ni ya jamii ya mnanaa, salvia, na zile geranium za mwituni zinazotambaa chini. Maua meupe nayo yanauinua. Rangi ya machungwa iepukwe. Mwaridi huu ukiwekwa kando ya tajeti huonekana mchafu. Lavenda husifiwa sana kama rafiki wa mwaridi, ila izingatiwe kwamba lavenda hutaka udongo mkavu usio na rutuba nyingi, wakati mwaridi hutaka maji na mboji. Ipandwe pembeni, palipoinuka kidogo, si kwenye shimo moja na mwaridi.

Kupanda

Jambo la kwanza ni jua. Mwaridi unahitaji saa sita za jua kamili kwa siku, na nane ni bora zaidi. Ukipandwa kivulini utaishi, lakini utarefuka ukitafuta mwanga, maua yatapungua na majani yatachelewa kukauka baada ya umande, jambo linaloalika kuvu hata kwenye mmea wenye ustahimilivu. Udongo uwe tifutifu, usiotuamisha maji, wenye uchachu kidogo, yaani pH ya kati ya 6 na 6.5.

Shimo liwe na upana mara mbili ya chungu kilichobeba mche na kina kinacholingana nacho. Udongo uliochimbwa uchanganywe na mboji au samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Miche ya Knock Out kwa kawaida huuzwa ikiwa imeoteshwa kwa pingili juu ya mizizi yake yenyewe, haikubebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine. Hiyo ni faida kubwa katika nchi za baridi. Sehemu ya juu ikiuawa na barafu, chipukizi litakalotoka ardhini litakuwa la mwaridi ule ule, si la shina geni lililokuwa chini.

Nafasi kati ya mche na mche isipungue sentimita 90, na ni vyema ikafika mita moja na robo. Katika chungu mche huonekana mdogo, na mpandaji hujaribiwa kuibananisha ili kitalu kisionekane kitupu. Asikubali. Nafasi hiyo ijazwe kwa mimea mingine iliyotajwa hapo juu, na sababu yake itaonekana tutakapofika kwenye maradhi.

Mwaka wa kwanza umwagiliwe kiasi cha milimita 25 za maji kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo. Maji yamwagwe shinani asubuhi, si juu ya majani jioni. Matandazo ya majani makavu au magome, yenye unene wa sentimita 5 hadi 8, hupunguza kazi ya kumwagilia na kupalilia, mradi yasigusane na shina. Mbolea isizidi. Mboji katika majira ya kuchipua, na pengine mbolea kidogo ya kawaida baada ya mchanuo wa kwanza, inatosha. Na ikomeshwe wiki sita au nane kabla ya baridi, ili mmea usitoe machipukizi laini yatakayokufa.

Makasi mara moja kwa mwaka

Maua yaliyonyauka huanguka yenyewe, na mmea huchanua tena bila kukatwa. Anayependa unadhifu anaweza kuyaondoa. Anayekwenda kazini alfajiri na kurudi usiku ayaache.

Kupogoa ndiko watu wanakokosea. Kwa kuwa waliambiwa mwaridi hauna kazi, hawaugusi, na baada ya miaka minne kichaka cha mita moja kimekuwa cha mita moja na nusu au zaidi, kitupu chini na chenye vichwa vizito juu. Miaka miwili ya mwanzo mmea uachwe ujijenge, isipokuwa kuondoa matawi yaliyokufa. Kuanzia mwaka wa tatu ukatwe mara moja, mwishoni mwa majira ya baridi au macho ya matawi yanapoanza kuvimba, ubakie na kimo cha sentimita 30 hivi. Wakulima wengi wa Marekani husubiri forsythia itoe maua yake ya manjano, ndipo wachukue makasi. Ukatili huo unaonekana mkubwa, lakini mmea huo huongezeka karibu mara tatu kabla msimu haujaisha. Kupogoa kwa nguvu majira ya kupukutika majani kusifanyike, kwani baridi huingia kupitia majeraha mapya.

Mende wa Kijapani, waliogunduliwa New Jersey mwaka 1916, hushuka kwa makundi katikati ya majira ya joto na kula maua. Dawa bora kwa bustani ndogo ni mkono na ndoo ya maji ya sabuni, asubuhi na mapema wakati wadudu hao bado wazito. Ama kulungu, miiba haiwazuii hata kidogo. Hula machipukizi yote, miiba na yote.

Maradhi yasiyo na dawa

Sasa tuje kwenye tatizo kubwa. Uko ugonjwa unaoitwa rosette, uliokuwa ukijulikana Amerika Kaskazini tangu miaka ya 1940. Kwa miongo mingi kisababishi chake hakikufahamika, hadi mwaka 2011 watafiti walipokibainisha kuwa ni kirusi. Hubebwa na utitiri mdogo kiasi kwamba hauonekani kwa macho, usio na mabawa, unaosafiri kwa kupeperushwa na upepo au kunasa kwenye nguo na vifaa vya mtunza bustani.

Historia yake ina kichekesho kichungu. Rosa multiflora, mwaridi wa mwituni kutoka Asia Mashariki, uliletwa Marekani kutumiwa kama shina la kubebeshea. Kuanzia miaka ya 1930 idara ya serikali ya kuhifadhi udongo iliwahimiza wakulima waupande kama ua la kuzuia mifugo na mmomonyoko. Ulitoroka mashambani, ukawa gugu katika majimbo mengi, na ukawa pia ghala la ugonjwa huo na la utitiri unaoubeba. Kisha ukaja mwaridi uliokuwa rahisi kuliko yote, ukapandwa kwa mamia, bega kwa bega, kando ya barabara zilizopakana na vichaka hivyo hivyo vya mwituni. Ustahimilivu wake dhidi ya madoa meusi haukuusaidia chochote. Knock Out haukuwa dhaifu kuliko miwaridi mingine. Ulikuwa mwingi kuliko mingine, na umesongamana. Katika miaka ya 2010 miji mbalimbali ililazimika kung'oa vitalu vizima.

Dalili zake zichunguzwe kwa makini, kwa sababu Knock Out wenye afya nao hutoa machipukizi mekundu, na wengi wamewahi kung'oa mmea usio na hatia. Majani machanga ya mmea mzima hugeuka kijani yakikomaa. Ya mgonjwa hubaki mekundu, membamba na yaliyojikunja. Tawi huwa nene kuliko lile lililolizaa, hujaa miiba mingi laini kuliko kawaida, na machipukizi hutoka kwa fungu mahali pamoja kama ufagio. Dalili moja pekee haitoshi kuhukumu. Zikionekana mbili au tatu pamoja, mmea huo umekwisha; utakufa ndani ya miaka michache, na wakati huo utaambukiza mingine.

Hakuna dawa ya kuponya. Ung'olewe pamoja na mizizi yake yote, ufungwe katika mfuko papo hapo bila kuburutwa bustanini, kisha uchomwe au utupwe. Kirusi hakibaki katika udongo mtupu, hivyo mwaridi mwingine waweza kupandwa hapo, lakini ni baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kipande cha mzizi kilichosalia, maana kikichipua kitaurudisha ugonjwa.

Ndipo unapoonekana umuhimu wa yale tuliyoyapitia mwanzoni. Utitiri huo hujificha wakati wa baridi ndani ya macho ya matawi na mabaki ya maua. Kupogoa theluthi mbili za kichaka mwishoni mwa baridi huondoa wengi wao pamoja na matawi. Na kwa kuwa hauruki, hupenda kuhama kutoka tawi hadi tawi linalogusana nalo. Miwaridi mitatu iliyotengwa kwa salvia na nepeta haimpi njia ile anayoipata katika ukuta wa miwaridi 50. Kwa hiyo, ule mchanganyiko wa wale vibarua wa Uingereza ni kinga bora, ingawa si kamili, kuliko mpango wowote wa kitalu cha rangi moja.

Kwa wasomaji wa nyanda za juu

Walioko Limuru, Arusha, Lushoto au Iringa wanaweza kutumia kanuni hizi kwa kichaka chochote kifupi cha mwaridi, ila kalenda ibadilike. Hakuna baridi ya kuulaza mmea, hivyo hakuna sababu ya kuukata hadi sentimita 30. Upogolewe kwa kiasi, wakati wa ukavu, ili majeraha yapone kabla ya mvua, na matawi ya katikati yapunguzwe ili upepo upite. Majira ya masika, mwanya huo wa hewa ndio utakaoamua kama majani yatabaki.

Jambo moja linawahusu jamaa walioko Marekani wanaotaka kuwaletea wazazi nyumbani pingili za mwaridi huu. Hataza ya mmea nchini humo hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, na ya Knock Out wa awali imekwisha muda wake, ingawa jina limebaki alama ya biashara. Hilo halina maana kwamba pingili zinaweza kutiwa ndani ya sanduku la nguo. Kuingiza mmea hai kunahitaji kibali kabla ya safari pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka, na wa kuulizwa ni KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania. Utitiri usioonekana kwa macho hauonekani kwa macho ya msafiri pia.